Janga, Riziki na Mawazo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafanyakazi wa Kipato cha Chini Dar es Salaam

Maswali haya yameokotwa kwenye vikao vya vikoba Tandika na Mbagala, kwenye vijiwe vya bodaboda, na kwenye benchi la kusubiria zahanati, mahali ambapo mtu huanza kwa kuuliza habari za fomu akaishia kusema kwamba halali usiku. Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea wilayani Temeke tangu kabla ya korona. Si daktari. Ya sheria nimeyajibu mwenyewe. Ya tiba nimeyaandika kama wauguzi na maofisa ustawi wa jamii walivyokuwa wakiwaeleza watu mbele yangu. Nimeyapa namba ili nisirudie jibu moja mara tatu.

## Kilichotokea

1. Dar haikufungwa. Kwa nini basi tulifilisika?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama uzembe. Ni kweli hapa hapakuwa na amri ya watu kukaa ndani kama ilivyokuwa Kampala au Kigali. Rais John Magufuli aliikataa, na masoko yakaendelea. Lakini genge kuwa wazi ni jambo moja, mteja kuja ni jambo jingine.

Shule zilifungwa, na muuza maandazi wa getini akakosa wateja kwa mkupuo. Ofisi za Posta na Kivukoni zikapunguza watu, mama lishe akafika saa tisa alasiri sufuria la wali limejaa. Aprili 2020 ndege za kimataifa za abiria zikasitishwa hadi Mei, na dereva teksi wa uwanja wa ndege akawa anapaki gari kivulini kutwa. Kariakoo mzigo kutoka Guangzhou ulikuwa umeshachelewa tangu mwanzo wa mwaka. Wanunuzi wa Zambia na Kongo wakapungua, na Mei Zambia ikafunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa. Kuli anayelipwa kwa robota hakuwa na robota la kubeba.

Kwa hiyo hakuna aliyekufungia wewe. Aliyejifungia ni mteja wako. Umaskini wa namna hii ni mgumu kuueleza nyumbani, maana mkeo anakuona unatoka alfajiri kama kawaida na unarudi mikono mitupu. Anayefungiwa na serikali ana wa kumlaumu. Sisi wengi tulijilaumu wenyewe, na nadhani hapo ndipo ugonjwa wa mawazo ulipopata mlango. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanarudi kwenye jambo hilo.

2. Ilianza lini, ikaisha lini?

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa na Waziri wa Afya Ummy Mwalimu tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufunga shule. Vyuo na kidato cha sita walirudi 1 Juni, shule nyingine zote 29 Juni. Takwimu za wagonjwa zilikoma kutangazwa mwanzoni mwa Mei 2020 zikiwa watu 509 na vifo 21. Baada ya Rais Magufuli kufariki Machi 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na 28 Julai 2021 akazindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe. Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura ya kimataifa Mei 2023.

Hiyo ni kalenda ya ugonjwa. Kalenda ya madeni ni nyingine, na kwa baadhi ya watu ninaokutana nao bado haijafika mwisho.

3. Nani aliumia zaidi?

Aliyelipwa kwa siku na aliyekuwa na hesabu ya mtu mwingine, yaani kiasi cha kumpelekea mwenye chombo kila siku. Chukua mfano wa daladala. Machi 2020 iliagizwa abiria wasisimame, ikaitwa levo siti. Basi la viti 28 lililozoea kupakia watu 45 lilipoteza vichwa 17 kila safari. Kwa nauli ya 400 hiyo ni shilingi 6,800. Kwa safari nane, 54,400 kwa siku. Wenye magari wengi walipunguza hesabu kidogo, wengine hawakupunguza hata senti. Mafuta na tairi havikujua kuna korona. Kilichobaki kwa dereva na konda kilikuwa hela ya chai, na deiwaka, yule anayeshika gari wakati konda mwenyewe anapumzika, hakuitwa kabisa.

Wanawake waliumia kwa namna yao. Mama aliyefunga genge mapema kwa sababu watoto wako nyumbani hakuhesabiwa mahali popote kama aliyepoteza kazi.

4. Nchi haikuwa imeingia uchumi wa kati mwaka huohuo?

Ndiyo, Benki ya Dunia ilitangaza hilo 1 Julai 2020. Kipimo chake ni wastani wa pato la nchi nzima, tena la mwaka uliotangulia. Uchumi wenyewe, kwa takwimu rasmi, ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020 ukilinganisha na 7.0 mwaka 2019, na watalii walishuka kutoka milioni 1.5 hadi laki sita na ushee. Wastani haupiki ugali.

## Mtaji, kodi na madeni

5. Biashara zilirudi. Kwa nini mimi sikurudi?

Kwa sababu mtaji uliliwa. Mtu mwenye duka la milioni ishirini akikosa mauzo miezi mitatu anapunguza mzigo. Mwenye mtaji wa laki mbili akikosa wiki tatu ameshaula wote, tena kwa halali: unga, maji, dawa ya mtoto, na ule msimu wa kujifukiza ambapo tangawizi na malimao vilipanda bei ghafla kwa kuwa kila nyumba ilikuwa inapiga nyungu. Wateja waliporudi, hukuwa na cha kuwauzia. Ulikopa ili uanze, na mkopo ukaanza kudai kabla biashara haijasimama.

Kisha yakaja mengine. Moto uliunguza soko la Kariakoo Julai 2021. Miezi michache baadaye wamachinga waliondolewa barabarani kupelekwa maeneo yaliyopangwa, na Januari 2022 likaungua soko la Karume. Kuna mama mmoja aliyeniambia yeye hakumbuki korona kama korona, anakumbuka "ile miaka miwili". Naona alipanga vizuri kuliko wachumi.

6. Mwenye nyumba anaweza kunitoa kwa sababu nimekosa kodi wakati wa janga?

Anaweza kukudai, na deni la kodi halifutiki kwa sababu kuna ugonjwa. Hapa kwetu haikutoka amri ya kusamehe kodi. Asichoweza ni kung'oa mlango, kuezua bati au kutupa vyombo vyako nje ili ukimbie. Njia yake ni notisi, na mkishindwana, vyombo vya sheria. Akianza vitisho nenda serikali ya mtaa mapema, kabla vyombo havijafika barabarani.

Ushauri wangu wa kienyeji: usimkimbie. Desturi yetu ya kulipa miezi sita mbele inamfanya mpangaji ajifiche mwezi wa tano, anatoka saa kumi alfajiri na kurudi watu wamelala. Niliowaona wakipona ni wale waliomfuata mwenye nyumba wakasema, "Mzee, ninayo ya miezi miwili, naomba tuandikishane." Wengi hukubali. Chumba kisicho na mpangaji hakimlipi kitu. Mkikubaliana, muandikishane mbele ya mjumbe.

7. Nimeingia kwenye kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Nitokeje?

Acha kwanza kukopa wa pili ili ulipe wa kwanza. Najua inavyosikika rahisi. Lakini karibu kila aliyefika kwangu akiwa hali vibaya alikuwa na wakopeshaji wanne hadi saba, na aliyemzidia alikuwa wa tatu.

Andika kila deni kwenye karatasi moja: nani, umechukua ngapi, umeshalipa ngapi, wanasema limebaki ngapi. Watu hawataki kufanya hili kwa sababu jumla inatisha. Lifanye ukiwa na mtu mwingine chumbani. Ukishaona jumla, uliza kila mkopeshaji kama ana leseni. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe nayo. Asiye na leseni huwa mkali sana mdomoni na mwepesi sana wa kupatana ukitaja ofisi.

Waliokuja kubeba godoro na jiko bila amri yoyote ya mahakama wamefanya kosa. Ripoti polisi, upewe namba ya taarifa.

8. Na zile aplikesheni za kwenye simu zinazotuma meseji kwa ndugu zangu wote?

Novemba 2024 Benki Kuu ilifungia aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Kama yako ni miongoni mwake au haina leseni, peleka malalamiko Benki Kuu. Habari ya kuwatumia majina yako watu walioko kwenye simu inaguswa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume inayopokea malalamiko hayo. Piga picha za meseji zote kabla hujabadilisha laini.

Aibu ndiyo dhamana wanayoishikilia. Mjulishe dada yako na mkwe wako wewe mwenyewe kabla hawajajulishwa na mgeni. Meseji ikifika itakuta nguvu imeshapungua.

9. Janga likija, tuvunje kikoba?

Wengi walivunja 2020, wakagawana, na fedha ikaisha kwa chakula mwezi huohuo. Waliosimamisha marejesho kwa muda, wakapunguza hisa hadi kile kila mtu anachoweza na kuufungua mfuko wa jamii kwa shida za dharura, walikuwa na mahali pa kurudi. Si kila kikundi kina uongozi wa kufanya hivyo bila ugomvi. Kama mweka hazina wenu tayari hasomeki, gawaneni.

10. Serikali ilipata fedha za korona. Mbona sikuziona mkononi?

Kwa sababu sehemu kubwa haikupangwa kuja mkononi. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola milioni 567, zikatangazwa kama shilingi trilioni 1.3. Umeziona bila kujua: madarasa 15,000 yaliyojengwa nchi nzima, ambayo watoto wenyewe wanayaita madarasa ya UVIKO, pamoja na miradi ya afya na maji. Kaya maskini zilizokuwa tayari kwenye orodha ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ziliguswa kidogo. Konda, saidia fundi na muuza mitumba wa Mbagala hawakuwa kwenye orodha ya mtu. Mimi naona hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote: maskini wa mjini anayefanya kazi huonekana si maskini vya kutosha.

Unachoweza kukifuatilia ni mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarudishwa 2024. Inatolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, anzia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

## Kazi na sheria

11. Bosi alisema "kaa nyumbani, nitakuita." Hakuita. Nilifukuzwa?

Ndilo swali lenye watu wengi, hasa wa hoteli, shule binafsi na viwanda vidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haina kitu kinachoitwa kukaa nyumbani bila mshahara kwa amri ya upande mmoja. Mwajiri akiishiwa kazi anayo njia ya kupunguza wafanyakazi: atoe taarifa, aeleze sababu, mkae mjadiliane kabla hajaamua. Ukipunguzwa kwa halali unadai mshahara wa siku ulizofanya, likizo ambayo hukwenda, notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au wiki, siku 7 kama uko ndani ya mwezi wa kwanza) na kiinua mgongo cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliotimiza, hadi miaka kumi, kama ulimaliza angalau mwaka mmoja.

Shida ni muda. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Watu walikaa wakisubiri kuitwa, kwa adabu tu, siku zikapita. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda, lakini lazima uwe na sababu inayoshikika, na "nilimheshimu bosi" haijawahi kumridhisha msuluhishi ninayemfahamu. Kwa hiyo likitokea tena, mpe wiki mbili kisha umwandikie meseji: "Bosi shikamoo, naulizia kama bado nina kazi na narudi lini." Jibu lake, au kimya chake, ni ushahidi.

12. Sina mkataba wa maandishi. Nina haki?

Unayo. Ni wajibu wa mwajiri kukupa maelezo ya kazi kwa maandishi, na asipoweza kuyatoa kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye. Wewe lete kinachoonyesha ulikuwa unafanya kazi: muamala wa mshahara, sare, picha, mfanyakazi mwenzako. Lakini fahamu kwamba aliyefanya kazi chini ya miezi sita hawezi kulalamikia kuachishwa isivyo haki; anabaki na madai ya notisi na fedha alizozifanyia kazi.

13. Nilikuwa nakatwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kuna chochote kabla ya uzee?

Kuna fao la kukosa ajira. Aliyechangia angalau miezi 18, akapoteza kazi bila kuacha mwenyewe wala kufukuzwa kwa kosa, anaweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Ndiyo maana usikubali kusaini barua ya "kuacha kazi kwa hiari" eti ili akulipe haraka. Wengi walisaini 2020 na wakagundua kwenye dirisha la NSSF walichokuwa wamekitoa.

14. Mimi ni dada wa kazi. Haya yananihusu?

Yote ya 11 na 12 yanakuhusu. Wewe ni mfanyakazi kama karani wa benki. Wakati wa korona kulikuwa na makundi mawili: walioondolewa siku moja na nauli ya basi tu, na waliofungiwa ndani miezi kwa sababu mama mwenye nyumba aliogopa wataleta ugonjwa. Hao wa pili walikosa siku ya mapumziko, wakaongezewa kuosha kila kitu kwa jiki na kuwatunza watoto wasiokwenda shule, kwa mshahara uleule. Nimekutana na binti mmoja ambaye hofu yake ya mlango uliofungwa ilibaki hata baada ya kuhamia kwa dada yake Yombo. Kwake tuliacha kwanza madai, tukaanza na swali la 20.

15. Konda na dereva wa bodaboda ya mkataba je?

Hapa sheria ina giza. Ukipeleka hesabu tu, bosi atasema wewe si mfanyakazi wake, umekodi chombo. Wakati mwingine hushinda kwa hoja hiyo. Kinachosaidia ni mkataba wa maandishi wenye kipengele cha dharura: ugonjwa, mafuriko, amri ya serikali, na hesabu itakuwa ngapi siku hizo. Vijana wa bodaboda waliokuwa wamebakiza wiki sita kumaliza mkataba walinyang'anywa pikipiki 2020 baada ya kulipa mwaka mzima. Sijasahau sura zao.

## Mawazo, usingizi na akili

16. Nitajuaje kama ni mawazo ya kawaida au ugonjwa?

Kuwaza deni ni kawaida. Wahudumu wa afya hutazama muda na utendaji: je, ni zaidi ya wiki mbili, karibu kila siku, na umeshindwa kufanya uliyokuwa unayaweza? Huzuni isiyoondoka, kutopenda tena hata mpira au kusuka, usingizi kukatika saa nane usiku, kula kidogo mno au kupita kiasi, kujiona huna maana, kuchoka bila kubeba kitu. Hiyo inaitwa sonona. Wengine inakuja kwa sura ya hofu: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka simu ikilia, maana kila namba ngeni ni mdai.

Hukuwa peke yako. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba sonona na magonjwa ya hofu yaliongezeka kwa asilimia 25 duniani katika mwaka wa kwanza wa janga.

17. Napima presha, malaria, vidonda vya tumbo, sina kitu. Kwa nini mwili unauma?

Mwili wetu husema kile mdomo unachokificha. Kichwa kugonga, kifua kubana, mgongo kuwaka moto, tumbo kujaa gesi: mtu anayebeba mawazo mazito hupata yote hayo kweli, haigizi. Kuna fundi ujenzi aliyelipia vipimo mara nne kwenye maabara za mitaani, na fedha aliyotumia ingelipa nusu ya deni lililokuwa linamuumiza. Kama vipimo viwili ni safi, mwambie daktari kuhusu usingizi na madeni. Wengi hawaulizi wasipoambiwa.

18. Wanasema nimerogwa. Niende kwa nani?

Nenda kwa sheikh au mchungaji kama moyo wako unapata utulivu huko, sitakuzuia. Lakini nenda na zahanati pia, na usiache dawa kwa sababu umeombewa. Na yeyote anayetaka laki tatu ili akutoe kijicho wakati umefilisika, huyo ni mdai wa nane.

19. Mume wangu alibadilika tangu 2020. Anakunywa, anapiga. Ni mawazo?

Inawezekana ana mawazo, na hayo hayampi ruhusa ya kupiga. Mambo mawili yashughulikiwe kwa njia mbili. Kipigo: dawati la jinsia na watoto la polisi, au ofisa ustawi wa jamii, ukiumia anza na hospitali. Pombe na ukali: wanaume wengi wa rika lake hawatasema "nina huzuni", watasema "nimechoka na maisha" wakiwa kilabuni. Mtu anayesikilizwa ni yule wa kijiweni kwake au kaka yake mkubwa, mara chache sana mke. Mtafute huyo, aende naye.

20. Ninakwenda wapi, na nitaambiwa nini?

Anza zahanati au kituo cha afya cha karibu, useme wazi: "Nina shida ya mawazo na usingizi." Hospitali za rufaa za mkoa, Temeke, Amana na Mwananyamala, ndizo hatua inayofuata, na Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, iko Dodoma. Kwenda kliniki ya akili Dar hakumaanishi utapelekwa huko, ingawa mtaani jina hilo ndilo linalowarudisha watu njiani. Kituo cha simu cha Wizara ya Afya ni 199, bila malipo.

Siku ya kwanza ni maswali mengi. Unaweza kupewa ushauri nasaha, dawa, au vyote. Kama huna uwezo wa kulipa kabisa, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hupokea maombi ya msamaha. Nenda na barua ya serikali ya mtaa.

21. Dawa hizo hazinigeuzi zezeta?

Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla hazijaonyesha kazi, na siku za mwanzo mdomo hukauka au usingizi huzidi. Ukiona zinakulemea, rudi ubadilishiwe. Kinachowaharibu watu ni vidonge vya usingizi vya kununua duka la dawa bila cheti, miezi na miezi. Hivyo ndivyo vinavyozoeleka mwilini.

22. Ndugu yangu anasema bora afe. Nikimpeleka hospitali atashtakiwa?

Kusema au kuwaza hivyo si kosa. Kujaribu kujiua bado kumo kwenye Kanuni ya Adhabu kama kosa, na hofu hiyo imewafanya watu wafiche ndugu zao hadi wakachelewa. Usifiche. Mpeleke mapema, mweleze daktari ukweli wote.

Muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Usimwache peke yake, sogeza mbali vitu vya kujidhuru, na zima ile simu ya wadai kwa siku mbili. Kama ni wewe unayesoma hivi na uko hapo, mwamshe mtu wa chumba cha pili sasa hivi, hata kama ni saa tisa usiku, kisha mwende hospitali iliyo karibu.

23. Tulimzika baba watu wachache, bila tanga. Kwa nini bado linaniuma?

Kwa sababu msiba kwetu ni kazi ya watu wengi, na ile ilifanywa na wachache kwa haraka. Wengine hawakuruhusiwa hata kutaja jina la ugonjwa. Iliandikwa changamoto ya upumuaji. Familia kadhaa zimefanya kisomo, misa au arobaini iliyochelewa miaka miwili. Haijachelewa.

## Maswali ya pembeni

24. Nilipona, lakini nachoka na kusahau. Ni uvivu?

Kuna watu ambao uchovu, kukosa pumzi na ukungu wa kichwa hubaki miezi baada ya korona. Kama kazi yako ni ya kubeba, waambie wenzako na rudi kidogo kidogo. Kama umeajiriwa, likizo ya ugonjwa kisheria ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu, kwa cheti cha daktari.

25. Mimi ni mama lishe mwenye wasichana wawili. Nami ni mwajiri?

Ndiyo, na najua hupendi jibu hilo. Siku biashara ikianguka, waite wote wawili, waonyeshe daftari, mkubaliane siku za kupokezana na malipo yake. Yaandikeni. Wengi wa waliofanya hivyo 2020 hawakuishia CMA, na wasichana walirudi siku wateja waliporudi.

26. Nikija kukuona nilete nini?

Kitambulisho cha NIDA au namba yake. Mkataba kama upo. Karatasi ya madeni ya swali la 7. Cheti cha hospitali kama uliwahi kwenda. Na tafadhali usifute meseji za M-Pesa, Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) au Airtel Money hata kama simu imejaa: kwa mtu asiye na hati ya mshahara, hizo ndizo hati yake. Futa picha za harusi kwanza, za kwenye kundi la WhatsApp zitabaki kwa wenzako.